Sega na Shenmue: hasara si kosa, kosa ni kuikalia gemu

Mwana wa Uyole (mleta uzi)

Wakuu, poleni na baridi. Nimechoka kusoma kwenye magrupu ya gemu kwamba "Sega waliiua Shenmue", yaani kampuni ya Sega iliiua gemu yake yenyewe. Kila mwaka anakuja mtu mpya na kauli hiyohiyo, watu wanapiga makofi, mjadala unaishia hapo. Mimi naipenda Shenmue kuliko gemu yoyote niliyowahi kushika, na bado nasema lawama hiyo imepelekwa mlango wa jirani.

Tuanze na wasioijua, maana huku kwetu Dreamcast haikuwahi kuenea. Vibanda vya Mwanjelwa na Soweto vilitoka kwenye gemu za kaseti vikaruka hadi PlayStation. Dreamcast ndiyo konsoli ya mwisho ya Sega: Japani ilitoka Novemba 1998, Marekani Septemba 1999. Shenmue ikatoka Japani tarehe 29 Desemba 1999, Marekani na Ulaya ikafika mwishoni mwa 2000. Aliyeitengeneza ni Yu Suzuki, mzee wa Hang-On, OutRun na Virtua Fighter. Wazo la mwanzo lilikuwa hadithi ya Akira, mpiganaji wa Virtua Fighter, kwenye konsoli ya Saturn, baadaye likakua likawa kitu kingine kabisa.

Stori yenyewe ni 1986, mji wa Yokosuka. Kijana Ryo Hazuki anarudi nyumbani anakuta baba yake anauawa na Mchina anayeitwa Lan Di, kisa kioo chenye nakshi ya joka. Kazi yako ni kumtafuta muuaji. Ila humtafuti kwa bunduki. Unatembea mtaani unauliza watu: samahani mama, siku ile theluji ilipogeuka mvua, uliona gari jeusi likipita? Kila mtu ana ratiba yake. Mwenye duka anafungua asubuhi, jioni anafunga anarudi kwake. Ukiambiwa uonane na mtu saa moja jioni na sasa hivi ni saa nane mchana, utasubiri. Kuna namna ya kucheza ambapo hali ya hewa inafuata kumbukumbu halisi za Yokosuka ya mwaka ule. Kuna ukumbi wa gemu unaingia unacheza Hang-On na Space Harrier nzimanzima. Halafu karibu na mwisho, shujaa wetu mwenye kisasi moyoni anaajiriwa bandarini kuendesha folklifti. Unabeba makreti, unapaki, jioni unalipwa. Watu wanaicheka sana sehemu hiyo. Mimi ndiyo niliyoielewa kuliko zote, kwa sababu kijana aliyefiwa na baba lazima ale, na kisasi hakilipi kodi ya nyumba.

Sasa hesabu. Enzi zile magazeti yalikuwa yanataja dola milioni 70. Suzuki mwenyewe baadaye alisema ni milioni 47 pamoja na matangazo. Tuchukue ya kwake. Nakala zilizouzwa ni kama milioni 1.2. Gawanya: kila nakala imebeba zaidi ya dola 39 za gharama, wakati dukani Marekani gemu inauzwa kama dola 50. Duka lichukue chake, msafirishaji achukue chake, na diski zenyewe zilikuwa nne ndani ya boksi moja. Hakuna faida hapo hata ukope kalkuleta ya jirani.

Msiseme watu hawakuinunua. Dreamcast zote duniani zilizouzwa ni kama milioni 9.1. Maana yake karibu mtu mmoja kati ya kila wanane wenye konsoli alikuwa na Shenmue. Gemu ilijaza chumba, ila chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Januari 2001 Sega wakatangaza kuacha kutengeneza Dreamcast. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwenyekiti wao, Isao Okawa, aliirudishia kampuni mali na hisa zake zenye thamani ya karibu dola milioni 695, akafariki Machi mwaka huohuo. Kampuni ya namna hiyo unaiambia nini kuhusu sehemu ya tatu ya gemu iliyokula milioni 47?

Kwa hiyo mimi siwalaumu kwa kusimama. Nawalaumu kwa mambo mawili mengine.

Moja, Shenmue II. Ilitoka Japani Septemba 2001 na Ulaya Novemba 2001, zote kwenye Dreamcast. Mmarekani mwenye Dreamcast aliyemaliza ya kwanza akanyimwa, kwa sababu haki za huko zilikwenda kwa Microsoft, ikatoka kwenye Xbox mwaka 2002. Na kwa kuwa mwenye Xbox hakuwahi kuiona ya kwanza, wakamwekea DVD ya filamu iliyounganishwa kutoka matukio ya gemu ile. Yaani wewe mteja wa siku zote unaambiwa kanunue konsoli nyingine, na mteja mpya anapewa muhtasari. Toleo la Ulaya lenye maandishi ya Kiingereza lilikuwa lipo tayari! Watu wakawa wanaagiza nje kwa gharama zao.

Mbili, kimya. Shenmue II inaishia pangoni, stori ikining'inia. Baada ya hapo kuanzia 2002 mpaka 2015 hakuna sehemu ya tatu, na zile mbili za zamani hazikuletwa kwenye mashine mpya hata moja. 2004 walitangaza Shenmue ya mtandaoni kwa soko la Asia, haikutoka. Ukitaka kuicheza kihalali ulitafuta Dreamcast chakavu kwa mtu. Hicho ndicho ninachokiita kukalia shamba: hulimi, hukodishi, huuzi, na ukimwona mtu amepita pembeni na jembe unamtolea macho.

Kuanzia 2015 walibadilika, nitalifikia hilo. Hoja yangu ni hii: gemu ikiniletea hasara sidaiwi mwendelezo wake. Nadaiwa kuiacha ipatikane, au kumpa mwingine anayeiweza. Karibuni mnikosoe.

Jirani wa Sae

Nipo siti ya mbele, chai ya tangawizi mkononi. Ngoja waje wenye gemu zao.

Mhasibu wa Kabwe

Mleta uzi heshima yako, hesabu umeipiga vizuri kuliko vijana wengi ninaowapokea kazini. Lakini umeharibu mwishoni.

Shamba lisilolimwa linaota magugu, linavamiwa, serikali ya kijiji inaweza kukuuliza. Hakimiliki haioti magugu. Haidai mbolea. Ikikaa kabatini miaka kumi na tano haikugharimu kitu, na siku moja inaweza kupanda thamani. Kwa nini kampuni iharakishe kuigawa? Unapotaka kurudisha gemu ya zamani kwenye mashine mpya unalipa watu waiguse upya, unakagua mikataba ya sauti, ya muziki, ya bidhaa halisi zilizoonekana ndani. Hiyo ni fedha inatoka leo kwa mauzo ambayo gemu yenyewe ilishaonyesha hayatoshi. Mkurugenzi akisaini hapo, wanahisa watamuuliza umelewa?

Na msisahau kwamba Sega walijifunza. 2005 walitoa Yakuza. Mtaa mmoja wa Tokyo uliojaa maduka, vichekesho, ukumbi wa gemu za Sega, ngumi barabarani. Ukiiangalia kwa makini, mawazo mengi ya Shenmue yamo, ila eneo dogo, mandhari yaleyale yanatumika tena toleo baada ya toleo, gharama inashuka. Ikauza, ikaendelea mpaka leo. Kibiashara mrithi alipatikana. Nyie mnaolilia jina mnalilia jina tu.

Fundi Pedi

Mimi nina kibanda Ilomba, nitaongea kwa upande wa wanaolipisha.

Gemu kama hiyo ya mleta uzi kibandani haikai. Mtoto anakuja na mia tano yake, anataka mechi, apige mtu magoli matatu, acheke, aondoke. Ukimwekea gemu ya kusubiri duka lifunguliwe, hela yake inaisha yuko amesimama nje ya duka! Tena kuna suala la kuhifadhi. Kesho akija anakuta mwenzake kafuta kumbukumbu, ngumi zinaanza za kweli. Ndiyo maana vibandani ni mpira, magari na ngumi. Stori ndefu ni za watu wenye sebule.

Ila kwenye kuumizwa na kampuni na mimi nina kidonda, nacho ni Konami, wenye gemu ya mpira ya PES. PES haikuwa gemu ya hasara, hilo nakubali, lakini sikilizeni. Sisi mtaa mzima tulikuzwa na PES ya PS2. FIFA ilikuwa na majina na jezi, PES ilikuwa na mpira. Timu zina majina ya ajabu, hakuna aliyejali. Polepole wakaanza kushindwa kwenye leseni, 2018 wakapoteza hata Ligi ya Mabingwa Ulaya ikaenda kwa EA, wenye FIFA. Halafu 2021 wakafuta jina kabisa. Hakuna tena PES, sasa ni eFootball, ya bure. Tarehe 30 Septemba 2021 imetoka, wachezaji nyuso zimepinda kama wameumwa na nyuki, timu chache, watu duniani wakaipa kura za chini kabisa. Baadaye waliisawazisha, lakini mimi bado nina PS2 mbili zinazunguka na diski za zamani, na foleni yake siku za Jumapili haijapungua. Kuna vijana wa Bongo hapa walitia jezi za Simba na Yanga kwenye PES ya simu wao wenyewe, bila hata kulipwa. Konami hawajui hata kama tupo.

Dada wa Kihesa

Kamwene wakuu. Fundi umenichekesha na nyuki wako.

Mhasibu, hoja yako ni safi kwenye karatasi, ila umetumia mfano mmoja. Hebu tuangalie aliyekalia kitu kuliko Sega, tena akiwa na hela. Nintendo na gemu zao za Mother.

Mother 2 ilitoka Japani 1994, mtunzi wake ni Shigesato Itoi, mtu wa matangazo na maandishi, siyo mtu wa gemu. Ilikaribia kufia jikoni, akaja Satoru Iwata akaisuka upya programu yake mpaka ikakamilika. Juni 1995 ikapelekwa Marekani kwa jina EarthBound. Kampeni ya matangazo ilisema gemu hii inanuka. Siyo utani, waliweka hadi matangazo ya kukwaruza unuse harufu mbaya! Michoro yake ya kitoto, wakati huo watu wanataka pande tatu. Ikauza kama nakala 140,000 Marekani. Ulaya haikufika kabisa mpaka 2013 ilipowekwa kwenye duka la Wii U.

Ya tatu ndiyo kisa. Ilianza kutengenezwa kwa Nintendo 64, ikafutwa mwaka 2000, ikafufuliwa, ikatoka Aprili 2006 kwenye Game Boy Advance, Japani peke yake. Mpaka leo Nintendo hawajaiuza kwa Kiingereza. Februari 2024 waliiweka kwenye huduma yao ya Switch, na hapo pia ni Japani tu. Katikati ya hapo mashabiki waliichoka danadana, wakakaa wenyewe wakatafsiri gemu nzima, Oktoba 2008 wakaiachia bure. Mimi nimeicheza hiyo kwenye simu nikiwa Kihesa, kwenye basi la Iringa kwenda Mafinga nikalia mbele ya watu. Nintendo hawakupata senti yangu, na siyo kwa sababu niliwanyima.

Sasa Mhasibu niambie: hawa walikuwa wanafilisika kama Sega? Kazi ya kutafsiri imeshafanywa na watu wa kujitolea. Mhusika wake Lucas wanamtumia kwenye gemu zao za ngumi tangu 2008, yaani wanaijua thamani ya jina. Kilichobaki kinakosa sababu.

Halafu tusiseme ni gemu mbili tatu zilizo na bahati mbaya. Mwaka 2023 Video Game History Foundation walitoa utafiti: katika gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani kununuliwa popote. Kabati la Mhasibu limejaa hadi darini.

Mhasibu wa Kabwe

Dada, Mother nimeikubali. Hapo sina utetezi, ni ukaidi tu. Ila angalia usichanganye "wanaweza" na "wanapaswa". Mtunzi naye ana sauti, huenda hataki.

Dada wa Kihesa

Mtunzi alishasema stori imekamilika, hataki ya nne. Sawa, namheshimu. Mimi sidai ya nne. Nadai kuuziwa ya tatu, ambayo ipo.

Mwana wa Uyole

Dada ndaga fijo, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia. Tofauti hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta: kudai kipya na kudai kilichopo ni vitu viwili, na mashabiki wengi tunavichanganya, ndipo watu kama Mhasibu wanatupiga kirahisi.

Fundi, hoja ya kibanda sikuwahi kuifikiria, lakini naona inafanana na yaliyowakuta Sega. Gemu inayotaka muda wa mtu haina pa kukaa mahali ambapo muda unauzwa.

Mhasibu, kuhusu Yakuza nakupinga. Nimezicheza, ni nzuri, ila Kiryu, shujaa wake, hasubiri mtu. Ukishuka barabarani kila baada ya hatua kumi kuna wahuni wanataka kupigwa. Shenmue inakuachia hata siku nzima bila tukio, na hapo ndipo unaanza kumjua bibi wa dukani, paka yatima, yule dogo anayecheza mpira. Mtu akikuuzia supu badala ya uji huwezi kumwambia umepata mrithi.

Sasa nimalizie ya 2015 kama nilivyoahidi. Suzuki alifungua kampuni yake Ys Net mwaka 2008, baadaye akatoka Sega moja kwa moja. Mashabiki hawakunyamaza, walikuwa na utaratibu wa kila tarehe 3 ya mwezi kuwaandikia Sega na wengine kwenye Twitter kwa pamoja. Juni 15, 2015, kwenye mkutano wa Sony kule E3, maonyesho makubwa ya gemu, Suzuki akapanda jukwaani akatangaza mchango wa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha. Aliomba dola milioni 2. Zilipatikana kabla siku haijaisha. Mwisho zikafika zaidi ya milioni 6.3 kutoka kwa watu 69,320. Ukigawa ni kama dola 91 kwa kila mtu, na huyo mtu hajaona hata gemu.

Na ni nani aliyempa Suzuki ruhusa ya kutumia jina? Sega. Hawakuweka hela, ila walitoa leseni. Agosti 2018 wakarudisha sehemu ya kwanza na ya pili kwenye PS4, Xbox One na kompyuta. Yaani walifanya yote mawili ninayoyadai. Wamechelewa miaka kumi na mitano, lakini walifanya, na ukiwaweka kando ya Nintendo wa Dada wanaonekana waungwana. Hilo halisemwi na watu wa "Sega waliiua".

Baridi ya Makete

Mmeongea yote mkamkwepa mzee mwenyewe. Ngoja niseme mimi.

Suzuki alipewa na Mungu nafasi ambayo watunzi wengi hawaipati. Watu wamesubiri miaka kumi na minane. Wamechanga mifukoni. Novemba 19, 2019 Shenmue III imetoka. Umecheza masaa thelathini na kitu, umechuma mitishamba, umepasua kuni, umefanya mazoezi ya kusimama farasi, umevua samaki, na stori imesogea kiasi gani? Kidogo mno. Lan Di unakutana naye mwishoni, halafu "itaendelea". Itaendelea kwa hela ya nani?

Angejua kwamba hana uhakika wa sehemu ya nne, angefunga. Hata kwa kukimbia. Kila mtu angelalamika kuwa amekimbia, lakini leo tungekuwa na mwisho. Badala yake alijenga kijiji na mji wa kutembea, vizuri vyote. Kwa hiyo msimwage lawama zote kwa kampuni, mengine ni ya msanii asiyejua kukata.

Kahawa ya Mbozi

Makete umepiga penyewe, ila naongeza la hela za wachangiaji. Mimi kaka yangu anaishi nje, alikuwa mmoja wao, alichanga akachagua nakala ya kompyuta kupitia Steam, duka la gemu mtandaoni, kama walivyoahidi. Juni 2019, miezi michache kabla haijatoka, ikatangazwa kwamba kwenye kompyuta itakuwa kwanza Epic Games Store, duka jingine. Watu wakawaka moto. Mwanzoni ilionekana kama hakuna kurudishiwa, kelele zilipozidi mwezi uliofuata wakaruhusu anayetaka arudishiwe. Hapo msambazaji alikuwa Deep Silver, siyo Sega.

Nachotaka kusema ni hiki. Tukishangilia kwamba mashabiki wameikomboa gemu kutoka kwa kampuni, tuangalie ilikokwenda. Ilitoka kwa kampuni moja ikaingia kwa nyingine, na aliyechanga hakuwa na kiti mezani. Mwanahisa anapiga kura. Mchangiaji anapiga kelele.

Mhasibu wa Kabwe

Mbozi hiyo sentensi ya mwisho ningeiandika mimi.

Na Makete, kihesabu iko hivi: milioni 6.3 ni kama sehemu moja ya saba na nusu ya zile milioni 47, na hiyo ni bila kuhesabu kwamba dola ya 2019 siyo ya 1999. Najua kulikuwa na fedha nyingine za wadau, Sony walisaidia, msambazaji alitia, lakini kwa vyovyote vile huwezi kumaliza safari ya ndege kwa nauli ya noah. Suzuki ilibidi achague kimoja, mwisho wa stori au ulimwengu wa kutembea. Alichagua ulimwengu kwa sababu ndicho alichochangiwa. Waliochanga walitaka kuzungumza na wauza maduka. Walipewa.

Baridi ya Makete

Mimi nilitaka Lan Di apigwe.

Mwana wa Uyole

Makete nimecheka kwa sauti, mama kaniuliza kulikoni.

Nakubaliana na wewe nusu. Shenmue III nimeimaliza na nilibaki na hasira wiki nzima. Lakini angalia kilichompata: sababu ya kuwa na miaka kumi na minane ya pengo ni nini? Timu yake ya AM2 kule Sega ilishatawanyika. Waliokuwa vijana wa kazi 1999 ni wazee. Vifaa vyote vya zamani havina maana. Ilibidi aanze upya na watu wachache. Kama leseni ingetolewa 2006, au hata zile mbili za kwanza zingekuwa zinauzwa muda wote huo, kungekuwa na kizazi kipya cha kununua ya tatu. Alipotoka hadharani 2015 alikuwa anauza sehemu ya tatu ya hadithi ambayo sehemu mbili za kwanza hazinunuliki! Zile mbili zilirudi 2018, mwaka mmoja tu kabla. Mtoto wa miaka ishirini hakuwa na muda wa kuzipenda. Hapo ndipo gharama ya kukalia inapoonekana, Mhasibu, ile uliyosema ni sifuri. Haionekani kwenye vitabu vya mwaka huo, inaonekana siku unayotaka kuuza.

Mhasibu wa Kabwe

Hiyo nimeielewa. Wateja wanazeeka, kabati haliandiki. Naikubali kwa Shenmue. Sikubali kwamba ni kanuni kwa kila gemu. Nyingi zikirudi hakuna atakayegeuka kuangalia.

Dada wa Kihesa

Basi tumpe Mhasibu mfano wa katikati, Suikoden ya Konami. Mfululizo ulipendwa sana, haukuwa wa kutajirisha, ukaachwa. Mtunzi wake Yoshitaka Murayama alishaondoka zamani. Yeye hakupewa jina kama Suzuki, kwa hiyo 2020 akaenda Kickstarter na gemu inayofanana, Eiyuden Chronicle, wakachanga watu kwa mamilioni. Ikatoka Aprili 2024. Murayama alifariki Februari 2024, hakuwahi kuiona dukani. Machi 2025 Konami wakazirudisha Suikoden ya kwanza na ya pili zikiwa zimesafishwa. Zilikuwa zinauzika muda wote huo, ndivyo inavyoonekana.

Sina la kusema zaidi juu ya hiyo, inaniumiza.

Fundi Pedi

Konami tena. Nilisema mimi.

Jirani wa Sae

Mmesahau kwamba Aprili 2025 BAFTA, wale wa tuzo za filamu na gemu Uingereza, waliuliza wananchi gemu yenye ushawishi mkubwa kuliko zote ni ipi, ikashinda Shenmue, ikiwa mbele ya Doom na Super Mario Bros. Nilidhani nimesoma vibaya.

Mwana wa Uyole

Hukusoma vibaya. Ila ile ni kura ya wananchi mtandaoni, na mashabiki wa Shenmue wamefanya mazoezi ya kupiga kelele kwa pamoja kila tarehe 3 kwa miaka. Hata mimi nilipiga. Siamini kwamba ina ushawishi kuliko Mario, nisidanganye. Naamini kwamba hakuna mashabiki wengine waliokuwa na njaa kama sisi siku ile.

Kijana Tukuyu

Wakubwa shikamooni. Nimesoma uzi wote nikiwa shambani kwenye parachichi, bando limekata mara mbili. Nina laptopu ya chuo, siyo ya gemu, na kaka ana PS4. Nianze na ipi? Ile ya tatu nimeona ina michoro mizuri.

Mwana wa Uyole

Marahaba dogo. Usianze na ya tatu, utakuwa umeingia msibani bila kujua nani amefariki. Tumia PS4 ya kaka. Tafuta ile pakiti ya 2018 yenye ya kwanza na ya pili pamoja, huwa inashuka bei mara kwa mara. Weka sauti za Kijapani, za Kiingereza utacheka mahali pa kulia. Siku tatu za kwanza usikimbilie stori, zunguka mtaani, zungumza na watu, ingia ukumbi wa gemu jioni. Fanya mazoezi ya ngumi kwenye maegesho kila ukipata nafasi, kuna pambano moja kubwa kuelekea mwisho litakukuta umelala. Na ukianza kazi ya folklifti fika kwa wakati.

Ukikwama kwenye kumtafuta Charlie, mmoja wa wahusika, wengi hukwama hapo, rudi hapa uniulize. Usiangalie video.

Fundi Pedi

Dogo ukishuka Ilomba na hiyo diski nitakuwekea televisheni ya nyuma, ile isiyolipiwa kwa mechi. Ila ukisimama nje ya duka la watu kusubiri lifunguliwe, usinililie luku.